Street Fighter II ya nyumbani: uchague ya Super Nintendo, ya Mega Drive au ya PC Engine?

Mtu anayetaka kucheza Street Fighter II, mchezo wa mapigano wa Capcom, kwenye konsoli halisi ya miaka ya 1990 hukutana na matoleo manne makuu yanayokaribiana mno kwa jina na kwa sura: mawili ya Super Nintendo, moja la Mega Drive na moja la PC Engine. Ukiweka picha zake pamoja, hata mchezaji mzoefu anaweza kusita kabla ya kutambua ipi ni ya mashine gani. Lakini ukishika kidhibiti na kucheza raundi chache, tofauti hujitokeza upesi, na nyingi kati yake hazitokani na nguvu za mashine kama inavyodhaniwa na wengi. Zinatokana na vitufe vilivyopo mkononi mwako, na jinsi watengenezaji walivyoamua kuitumia nafasi finyu iliyokuwamo ndani ya katriji. Kwa hiyo nitavipa vipimo hivyo viwili uzito zaidi kuliko takwimu za kiufundi, ingawa takwimu nazo zitatajwa pale zinaposaidia kueleza jambo.

Kwanza ni lazima kujua kila toleo limenakili nini. Capcom iliutoa mchezo huu kwenye kumbi za michezo mwaka 1991, ukiwa na wapiganaji wanane wa kuchagua, mabosi wanne waliochezeshwa na mashine pekee, na vitufe sita kwa kila mchezaji: vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, kuanzia pigo jepesi hadi pigo zito. Mwaka 1992 likafuata toleo la Champion Edition, ambalo liliwaruhusu wachezaji kuwatumia mabosi Balrog, Vega, Sagat na M. Bison, na pia likawaruhusu watu wawili kumchagua mpiganaji yule yule. Mwishoni mwa mwaka huo huo Capcom ikaleta Hyper Fighting, ambalo liliongeza kasi na mbinu mpya: Chun-Li akapata kombora lake la Kikoken, Dhalsim akaweza kutoweka na kuibuka sehemu nyingine ya ulingo, na Ryu na Ken wakaweza kuzungusha teke lao la kimbunga wakiwa hewani. Kila toleo la nyumbani limesimama kwenye hatua moja au mbili kati ya hizo tatu, na mnunuzi asiyelijua hilo anaweza kujikuta na mchezo ambao hauna mpiganaji aliyemtaka.

Toleo la kwanza la Super Nintendo lilitoka mwaka 1992 kwenye katriji ya megabiti 16, yaani megabaiti 2, ukubwa ambao kwa wakati ule ulikuwa wa kustaajabisha. Huu ni mchezo wa 1991: wapiganaji ni wanane, mabosi hawachaguliki, na wachezaji wawili hawawezi kumchukua mpiganaji mmoja mpaka wabonyeze Chini, R, Juu, L, Y na B wakati nembo ya Capcom inapoonekana. Ile hatua ya ziada ya kuvunja mapipa iliachwa, na mahali pake pakawekwa ukuta wa matofali. Liliuza zaidi ya nakala milioni 6, kwa hiyo ndilo rahisi zaidi kulipata. Ninaliheshimu sana kwa sababu ndilo lililouingiza mchezo huu majumbani kwa mara ya kwanza ukiwa katika hali ya kuridhisha, lakini kama lengo lako ni kuwa na katriji moja tu ya Street Fighter II, siwezi kukushauri uanze nalo, kwa kuwa toleo lililolifuata kwenye mashine ile ile linalipita karibu katika kila jambo.

Toleo hilo lililofuata ni Street Fighter II Turbo la mwaka 1993, lenye megabiti 20. Ndani yake mna njia mbili za kucheza: ya kawaida, ambayo ni Champion Edition, na ya Turbo, ambayo ni Hyper Fighting. Mabosi wote wanne wanachaguliwa, mapipa yamerudi, na kasi hupangwa kwa nyota, kuanzia hakuna hadi nne, na zaidi ya hapo kwa msimbo wa siri. Lilikaribia mwendo wa mchezo wa ukumbini kwa kiwango ambacho, kwenye mashine yenye prosesa ya megahezi 3.58 tu, kinadhihirisha kazi kubwa ya waandishi wa programu waliokuwa wameshajifunza mengi kutokana na toleo la kwanza.

Wenye Mega Drive walisubiri hadi Septemba 1993. Toleo lao lilikuwa limepangwa kuwa Champion Edition peke yake, lakini ilipobainika kuwa Super Nintendo ingepata Turbo, Capcom ililiahirisha na kuliongezea sehemu ya Hyper, na hatimaye likatoka kwa jina la Special Champion Edition likiwa na megabiti 24. Hizo megabiti nne za ziada hazikupotea bure. Mchezo unaanza na ule utangulizi wa ukumbini, ambapo wapiganaji wawili wasio na majina wanapigana mbele ya umati, kisha picha inapanda juu ya jengo refu mpaka jina la mchezo linapojitokeza. Utangulizi huo haumo katika Turbo ya Super Nintendo. Kuna pia njia ya kupigana kwa vikosi, ambapo kila mchezaji huchagua kundi la wapiganaji na kuwapambanisha mmoja baada ya mwingine, ama kwa kuhesabu ushindi ama kwa mshindwa kutolewa na mshindi kuendelea. Kasi ya Hyper hufika nyota kumi bila msimbo wowote. Kwa kundi la marafiki wanaopokezana vidhibiti jioni nzima, hiyo vita ya vikosi ni zawadi ambayo watu wengi hawajui kuwa ipo.

Toleo la PC Engine lilitoka Japani pekee, Juni 1993, likiwa kwenye HuCard, yaani kadi inayotumika badala ya katriji, ya megabiti 20. Ni Champion Edition tupu; hakuna Hyper, hakuna kasi za kuchagua. Maandishi ni ya Kijapani na majina ya mabosi watatu yamepokezana ukilinganisha na yale ya nchi za Magharibi: bondia anaitwa M. Bison, mwenye makucha anaitwa Balrog, na bosi mkuu anaitwa Vega. Kadi hiyo haiingiliani na TurboGrafx-16, yaani PC Engine ya Marekani, bila kifaa cha kubadilisha miunganisho, jambo ambalo limewaumiza wanunuzi wengi walioamini kuwa mashine hizo mbili ni kitu kimoja.

Sasa nije kwenye vidhibiti, kwa sababu hapa ndipo uamuzi unapopaswa kufanyika. Super Nintendo ilizaliwa na vitufe sita vya kuchezea. Ngumi nyepesi iko kwenye Y, ya wastani kwenye X na nzito kwenye L. Teke jepesi liko kwenye B, la wastani kwenye A na zito kwenye R. Hakuna cha kununua zaidi. Kasoro yake ni kwamba mapigo mazito yamehamia mabegani, chini ya vidole vya shahada, wakati mengine yote yanasubiri dole gumba, na aliyezoea safu mbili za vitufe vitatu kwenye mashine ya ukumbini atahitaji muda kabla ya ngumi nzito kumtoka bila kufikiri. Vitufe vinaweza kupangwa upya katika mipangilio ya mchezo, lakini umbo la kidhibiti halibadiliki.

Kidhibiti cha kawaida cha Mega Drive kina vitufe vitatu vya kuchezea, A, B na C, pamoja na Start. Kwa hiyo Capcom ilikifanya kitufe cha Start kiwe cha kubadilisha kati ya ngumi na mateke. Kwa maneno, mpango huo unaonekana unavumilika. Hebu ujaribu nao mfululizo mmoja unaojulikana na kila anayempenda Ryu: unachuchumaa, unapiga teke la wastani, na kabla mguu haujarudi unazungusha kidole kutoka chini kwenda mbele na kubonyeza ngumi, ili kombora la Hadouken litoke papo hapo na kumkuta mpinzani angali ameyumba. Mfululizo wote unamalizika katika sehemu ndogo ya sekunde. Ukiwa na vitufe vitatu, katikati ya teke na ngumi unatakiwa ubonyeze Start, uhakikishe umehamia kwenye ngumi, kisha ubonyeze ngumi, na dole gumba ni lile lile. Mpinzani ameshakinga kabla hujafika. Hilo si suala la kukosa mazoezi. Ni sehemu ya mchezo ambayo imeondolewa, na pamoja nayo kunaondoka zaidi ya nusu ya sababu za kuupenda mchezo huu.

Ukiweka mkononi kile kidhibiti cha Mega Drive chenye vitufe sita, kilichotolewa mwaka huo huo wa 1993, hukumu inageuka kabisa. X, Y na Z ziko juu kwa ajili ya ngumi, A, B na C ziko chini kwa ajili ya mateke, katika safu mbili kama zile za ukumbini, na kitufe cha mwelekeo ni cha duara kiasi kwamba kidole kinateleza kwenye robo ya mzunguko bila kukwama pembeni. Kwa maoni yangu hicho ndicho kidhibiti bora zaidi kilichotengenezwa katika kipindi hicho kwa ajili ya michezo ya mapigano, na ninalisema hilo nikijua jinsi wapenzi wa Super Nintendo wanavyokithamini kidhibiti chao. Kwa hiyo anayelinganisha matoleo haya mawili analinganisha kwa kweli vitu vitatu: Super Nintendo kama ilivyo, Mega Drive yenye vitufe vitatu, ambayo naiweka ya mwisho kabisa, na Mega Drive yenye vitufe sita, ambayo naiweka ya kwanza kwa upande wa mkono.

PC Engine ina shida kama hiyo, na kubwa zaidi. Kidhibiti chake cha kawaida kina vitufe viwili tu vya kuchezea ukiacha Run na Select. Kilitengenezwa kidhibiti cha vitufe sita, Avenue Pad 6, kwa ajili ya mchezo huu, na bila hicho sioni sababu ya kuinunua kadi yenyewe. Zaidi ya hapo, mashine ina tundu moja tu la kidhibiti. Watu wawili wakitaka kupigana, nao huu ni mchezo uliotengenezwa hasa kwa watu wawili, itahitajika adapta ya kuunganisha vidhibiti kadhaa pamoja na vidhibiti viwili vya vitufe sita. Kabla pigo la kwanza halijatupwa, tayari unatafuta vitu vinne.

Upande wa sauti una mengi ya kusema, na kuna dhana moja ningependa kuisahihisha. Anayelisikia toleo la Mega Drive kwa mara ya kwanza hushtuka: sauti za binadamu zinakwaruza, tangazo la kuanza raundi linasikika kana kwamba msemaji ameugua koo, na Hadouken ya Ryu inafika masikioni ikiwa imechanika. Kwenye Super Nintendo sauti hizo hizo ni laini zaidi, ingawa zina ukungu kidogo, kwa kuwa chipu yake ya sauti inacheza sampuli, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa, zilizobanwa ili zitoshe kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 64. Hitimisho la haraka, ambalo limerudiwa kwa miaka mingi, ni kwamba Mega Drive haikuwa na uwezo wa kutoa sauti safi. Ni kweli kwamba mashine hiyo ina njia moja tu ya kuchezea sampuli, na sauti mbili zikigongana ni lazima programu izichanganye yenyewe. Lakini miaka mingi baadaye wapenzi wa mashine hiyo waliiandika upya sehemu ya programu inayocheza sauti, na mchezo ule ule, kwenye konsoli ile ile isiyobadilishwa chochote, ukatoa sauti zinazoeleweka vizuri. Kosa lilikuwa la programu. Hilo halimsaidii mwenye katriji ya mwaka 1993, ambaye atasikia mikwaruzo kama ilivyokuwa, ila ni haki mashine isilaumiwe kwa jambo ambalo iliweza kulifanya.

Muziki ni habari tofauti. Mashine ya ukumbini ilitumia chipu ya Yamaha yenye kutengeneza sauti kwa njia ya FM, yaani kwa wimbi moja kubadilisha jingine, na Mega Drive nayo ina chipu ya Yamaha ya ukoo huo huo. Kwa sababu hiyo zile tuni nyingi zilizotungwa na Yoko Shimomura zinabaki na ukali wa chuma, hasa besi, kama zilivyosikika ukumbini. Super Nintendo imezivalisha ala nyingine: zina mwangwi, zina ujazo, na muziki wa ulingo wa Guile unapata hadhi ya pekee. Wapo wanaouona huu wa Super Nintendo kuwa mzuri zaidi, nami siwapingi; ninachosema ni kwamba si ule wa asili. PC Engine, yenye njia sita za mawimbi mafupi, inatoa muziki mwembamba zaidi kuliko hizo mbili, lakini sauti za wapiganaji zimewekwa kwa usafi unaolishinda toleo la Mega Drive waziwazi.

Kuhusu picha nitasema kwa kifupi, kwa sababu hakuna toleo la kukufanya ujute. Super Nintendo huchagua kutoka rangi 32,768 na Mega Drive kutoka 512, ikionyesha zisizozidi 64 kwa pamoja, na tofauti hiyo inaonekana kwenye ngozi za wapiganaji na kwenye anga za machweo, ambako Mega Drive inakuwa na giza na madoadoa kidogo. PC Engine nayo ina rangi 512 za kuchagua, ila inaweza kuonyesha nyingi zaidi kwa wakati mmoja, na wasanii walioifanyia kazi walilitumia vyema jambo hilo: picha yake ni angavu na ina joto, na ukikumbuka kuwa mashine hiyo ilitoka mwaka 1987, ikiwa na prosesa ya biti 8 na tabaka moja tu la mandhari ya nyuma, ni lazima uvue kofia.

Kuna jambo moja linaloweza kuharibu uamuzi mzuri, nalo ni mfumo wa televisheni. Konsoli za mfumo wa PAL huonyesha picha 50 kwa sekunde, za NTSC huonyesha 60. Mchezo ulioandikwa kwa ajili ya 60 na kupelekwa kwenye 50 bila marekebisho hutembea kwa sehemu tano tu za sita za mwendo wake, tena ukiwa na mikanda myeusi juu na chini ya skrini. Toleo la kwanza la Super Nintendo la PAL liliathirika hivyo, na katika mchezo ambao ushindi na kushindwa hutenganishwa na kufumba na kufumbua, huo si upungufu mdogo. Ikiwa una nafasi ya kuchagua, chukua katriji na konsoli za NTSC, na uhakikishe televisheni yako inazikubali.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Anayeanza, anayetaka kununua konsoli moja, katriji moja na vidhibiti vilivyokuja nayo, na kupigana na nduguye jioni hiyo hiyo, achukue Turbo ya Super Nintendo. Iliuza zaidi ya nakala milioni 4, hivyo haifichiki. Haina betri ya kuhifadhi kumbukumbu ambayo ingekuwa imekufa kwa uzee. Na haina kasoro kubwa hata moja. Aliyelelewa na mashine za ukumbini, ambaye vidole vyake vinazijua safu mbili za vitufe vitatu, atafute Special Champion Edition ya Mega Drive na vidhibiti viwili vya vitufe sita, avumilie sauti zinazokwaruza, na atapata mchezo ulio karibu zaidi na mkono wake pamoja na vita ya vikosi. PC Engine ninaipendekeza kwa mtu ambaye tayari anayo mashine hiyo na anaipenda. Kumshauri mgeni aijenge seti nzima kwa ajili ya mchezo huu pekee kungekuwa ni kumtwisha mzigo.

Super Street Fighter II ya mwaka 1994, yenye akina Cammy, Fei Long, T. Hawk na Dee Jay, nimeiacha nje kwa makusudi. Ilitoka kwa megabiti 32 kwenye Super Nintendo na 40 kwenye Mega Drive, na inastahili ulinganisho wake yenyewe.

Kwa wasiotaka kuhangaika na mashine za zamani, Super Nintendo ndogo ya mwaka 2017 ina Turbo ndani yake, na Mega Drive Mini ya mwaka 2019 iliyouzwa nchi za Magharibi ina Special Champion Edition. Hapo lakini tahadhari ya vitufe inarudi kwa nguvu zote: Mega Drive Mini ya Magharibi ilikuja na vidhibiti vya vitufe vitatu, ilhali ya Japani ilikuja na vya vitufe sita, na mnunuzi asiyeongeza vya sita atarudi kule kule kwenye kubonyeza Start katikati ya mfululizo. Vidhibiti vilivyotumika navyo vina mtego wake, kwa kuwa vitufe huchoka. Kabla ya kulipa, ingia kwenye mchezo, mchague Ryu, na utoe Hadouken kwa ngumi nyepesi, ya wastani na nzito, kwanza ukiangalia kulia, kisha ukiangalia kushoto. Makombora matatu yanatofautiana kwa mwendo. Kombora moja lisipotoka, au upande mmoja ukigoma, kitufe kimoja au ule mpira ulio chini ya kitufe cha mwelekeo umekwisha, na unapaswa kubadilishwa.